Mlango wa Mtani

Nyumba yetu ya Sinza ilijengwa kwenye kiwanja ambacho baba alikipata katika mradi wa miaka ya 1970, ule ambao Serikali iliuendesha kwa mkopo wa Benki ya Dunia huko Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Mradi ulimpa mtu kiwanja kilichopimwa, barabara na maji. Nyumba alijijengea mwenyewe kwa kadiri ya mfuko wake, na ndiyo maana mtaani kwetu hakuna nyumba mbili zinazofanana. Yetu ilikuwa na vyumba vinne na sebule, jiko likiwa uani, nao ua wetu ulikuwa wa michongoma.

Katika michongoma hiyo palikuwa na upenyo. Jirani yetu wa nyuma, bibi mmoja wa Kizaramo aliyefiwa na mumewe, aliupita kila alfajiri kuja kuchota maji kwetu, kwa kuwa bomba lake lilikuwa limekauka zamani, na jioni aliupita tena kuja kumtukana baba. Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara iliyoshuka pwani na pembe za ndovu. Matusi hayo aliyapokea kama mtu apokeavyo salamu.

Mwaka 1994 nyumba ya pembeni iligeuzwa baa, na walevi wakaanza kujisaidia kwenye michongoma yetu. Baba akaamua kujenga ukuta. Matofali yalifyatuliwa palepale uani, yakamwagiliwa maji hadi yakakomaa, na Jumamosi moja mafundi wakang'oa michongoma na kuanza kuchimba msingi.

Walipokaribia upenyo walimkuta bibi ameketi ndani ya mtaro, ndoo tupu ubavuni. Wakampa shikamoo, wakambembeleza. Mama akamletea chai, naye akainywa humohumo mtaroni bila haraka. Baba alitoka, akamweleza kwa adabu habari za walevi na wezi, akamhakikishia kwamba maji atayapata kama kawaida, ila azungukie geti la mbele. Kuzungukia huko kulimaanisha kupita mbele ya baa gizani, jambo ambalo baba hakulitaja.

“Mnyamwezi,” bibi akamjibu, “babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Leo ndoo ya kikongwe mmoja inakushinda? Weka mlango, au nijengee humu humu, uwe umenizika bila sanda.”

Mafundi waliangua kicheko, mmoja wao akalazimika kuweka koleo chini. Naamini kwamba kama bibi angepeleka malalamiko kwa mjumbe wa nyumba kumi, baba angemshinda, maana alikuwa mtu wa hoja na kiwanja kilikuwa chake kwa hati. Lakini mtani hajibiwi kwa hati, na kumkasirikia mbele ya watu ni fedheha kubwa kuliko kumkubalia.

Baba alimtazama fundi mkuu, akamwonyesha kwa mikono upana wa mlango. Bibi hakutoka hadi alipoinuliwa na baba mwenyewe. Mlango wa bati ulipoletwa, alisimama kumsimamia fundi, akashikilia kwamba komeo lifungwe upande wake, kwa sababu, alisema, Mnyamwezi hakawii kugeuka.