Kifuko kimoja, majina matatu

Bakuli la kwanza nililila Beijing mwezi wa Januari, midomo imenipasuka kwa baridi. Vifuko vya unga mwembamba vyenye nyama vilielea kwenye supu. "Hundun," alisema mwenyeji wangu, binti wa huko aliyesoma Kiswahili chuoni. "Ukilisikia tu, kaka, ni kama lile neno la dunia ilivyokuwa kabla mbingu na ardhi hazijatengana."

Akanisimulia hekaya. Hundun alikuwa mfalme wa katikati, mkarimu, lakini hana macho, masikio, pua wala mdomo. Wafalme wawili wa baharini, mmoja wa kusini na mwingine wa kaskazini, wakaona wamlipe fadhila kwa kumtoboa tundu moja kila siku. Siku ya saba akafa. Wapo Wachina wanaosema chakula kilipata jina hapo, maana kifuko nacho kimezibwa pande zote. Nilikitazama kwenye kijiko nikakionea huruma, kisha nikakila.

Treni ya kwenda Chengdu ilichukua karibu siku nzima. Baada ya Xi'an ikaingia milima ya Qinling, na huko ni handaki baada ya handaki.

Chengdu niliingia mgahawani nikasema kwa kujiamini, "Hundun!" Mama mwenye mgahawa akatikisa kichwa, akakunja mikono kifuani na kuificha ndani ya mikono ya sweta, akanikazia macho. Nikadhani nimemkosea adabu. Kumbe alikuwa ananifundisha: chaoshou, yaani kukunja mikono. Akachukua duara, hapana, kipande cha mraba cha unga, akaleta pembe mbili mbele zikapishana, na kweli nikaona mtu mdogo anayejikunyata kwa baridi. Aliniletea vikiwa vimezama kwenye mafuta mekundu ya pilipili. Midomo ilikufa ganzi hadi jioni.

Guangzhou, kusini kabisa, wanasema wantan, na kwa maandishi yao ni "kumeza mawingu". Ndani mlikuwa na kamba wa baharini, chini tambi za mayai. Jina hili ndilo nililolipenda zaidi. Ukiviona vinavyopepea kwenye supu hutauliza sababu.

Mtaa wa Xiaobei nilikutana na mfanyabiashara wa Kariakoo, mzoefu wa mji huo. Nikamuuliza yeye huagizaje.

"Mimi naziita sambusa za supu, mdogo wangu. Nanyoosha kidole, zinakuja."