Bahari Haina Jiwe la Kuwekea Shada

“Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake” (Ufunuo 20:13).

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili tuna tarehe 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Nairobi watu hukusanyika kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Dar es Salaam kwenye yale ya Barabara ya Bagamoyo. Ikifika saa tano kamili asubuhi, wote husimama kimya kwa dakika mbili.

Mwaka jana saa hiyo ilinikuta baharini, ndani ya boti ya kwenda Unguja. Kusi lilikuwa limeshakwisha na kaskazi haijashika, maji yametulia kabisa. Ndani televisheni inanguruma, mama mmoja anammenyea mwanawe chungwa. Nikatoka nikasimama nyuma, kwenye harufu ya dizeli, nikainamisha kichwa. Makaburini macho yana pa kutua: jiwe, jina, namba ya kikosi. Pale nyuma ya boti povu lilikuwa likifunguka na kufunga, basi. Ungeweka shada wapi?

Ndipo nikawakumbuka vijana wa Khedive Ismail. Februari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, meli hiyo ilitoka bandari ya Kilindini, Mombasa, ikielekea Colombo katika msafara wa meli za askari. Humo walikuwamo askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Jumla yao watu 1,511. Jumamosi tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga kwa topedo. Ikazama kwa takriban dakika mbili. Walipona 214 tu.

Dakika mbili! Nilizihesabu kwa saa ya mkononi pale nyuma ya boti. Kwa mtu aliyesimama kimya ni ndefu, miguu inaanza kuchoka. Kwa kijana aliyelala chini kabisa melini hazitoshi hata kuipata ngazi gizani. Tangu siku ile sisimami tena kimya kile kama desturi tu. Ndani yake nawasikia wakipanda.

Kuna jambo jingine katika habari hii ambalo bado linanisumbua kila ninapoomba. Nyambizi ilijificha chini, karibu na pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari za Kiingereza zilizosindikiza msafara zilikuwa na meli nyingine za kulinda, zimejaa watu. Zikadondosha mabomu ya chini ya maji, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea, wanangoja kuokolewa, wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Sina ujasiri wa kumhukumu aliyetoa amri ile, wala sina ujasiri wa kuiita njema. Ninachokiona ni kwamba vita humfikisha mwanadamu mahali ambapo kila mlango una damu. Tukiwaombea waliokufa bila kuliona hilo, tutakuwa tunaisifu vita badala ya kuwalilia watu. Na vita ile haikuanzia kwetu. Wengi waliitwa na serikali ya kikoloni wakaenda.

Nyambizi ile nayo ilizamishwa alasiri hiyohiyo. Mabaharia wake wamo humohumo, katika maji yaleyale.

Daudi anasema, “Ningezitwaa mbawa za asubuhi, na kukaa pande za mwisho za bahari, huko nako mkono wako utaniongoza” (Zaburi 139:9-10). Zamani niliusoma mstari huu kama faraja ya msafiri. Siku hizi nausoma kwa ajili ya wale waliofika pande za mwisho za bahari wasirudi. Mkono ule uliwafikia hata huko. Yohana naye, alipoonyeshwa siku ya mwisho, aliona bahari ikitoa watu wake kabla hata hajataja Mauti na Kuzimu. Kwa Mungu hakuna aliyepotelea majini. Wamewekwa tu, na watadaiwa.

Wapendwa, nyumba nyingi za kwetu zina babu au kaka yake babu aliyekwenda Keya, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, akapelekwa Bama, yaani Burma, habari zake zikakatika. Pengine limebaki jina lake moja tu, alilorithishwa mjukuu. Jumapili hii, wakati wa maombi, mtaje kwa jina hilo. Kama yupo mzee nyumbani anayemkumbuka, mwulize leo alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, nani alimlilia.

Ee Bwana uliyetembea juu ya maji, wapokee waliozama, wetu na wale walioitwa adui zetu. Wafariji walioishi miaka yote wakingoja barua. Na walioko baharini usiku huu, wanajeshi, wavuvi na wakimbizi kwenye mashua mbovu, wafikishe nchi kavu. Amina.