Nilivyowaelewesha vijana wa Bangladesh "diagonal" ya farasi

Kwenye banda ninalofundisha hapa Maskati, watunza farasi ni Wabangladeshi na amri zote ni za Kiingereza. "Diagonal" ndiyo iliyowashinda, yaani ile jozi ya miguu ya farasi iliyokingama, ambayo mpandaji huifuata kwa kuinuka na kukaa. Kamusi huwapa "korno", neno la jiometria ambalo kwa Kibengali cha vitabuni ni sikio pia. Halimfai mtu aliye juu ya tandiko.

Nilianzia chini. Farasi akienda matiti, yaani mbio za polepole, miguu hutua jozi kwa jozi: wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, kisha jozi ya pili. Jozi moja nikaifunga bendeji nyeupe, nyingine nyekundu. Tanguliza pedi nene; bendeji iliyokazwa kwenye mguu mtupu huumiza kano. Farasi akazungushwa kwa kamba ndefu, wao wakipiga makofi kila nyeupe zinapotua. Sikio likishika mapigo, kazi imekwisha nusu.

Kisha wakapanda. Ukizunguka kwa kushoto, bega la farasi la nje ni la kulia: likienda mbele inuka, likirudi kaa. Hapo unakuwa umekaa wakati mguu wa nyuma wa ndani uko chini, nao ndio unaobeba kazi ya kona. Nilihesabu kwa lugha yao: "otho" inuka, "bosho" kaa. Ukigeuza upande, kaa mapigo mawili mfululizo: otho, bosho, bosho, otho.

Usiyaunganishe yakawa "uthbos". Hiyo ni adhabu ya shuleni kwao, kuchuchumaa na kusimama umeshika masikio, na ukiitamka tu mtu atasimama wima kwenye vikuku vya kukanyagia kisha aanguke kwa kishindo mgongoni mwa farasi. Makalio yaachane na tandiko kidogo tu. Farasi mwenyewe ndiye anayekurusha. Anayejivuta kwa hatamu mpe ukanda wa shingoni ashike, la sivyo farasi atainua kichwa na kukaza mgongo. Bega litazamwe kwa macho tu, maana kichwa kikiinama na uzito huenda mbele.

Njia ikinyooka hakuna ndani wala nje, lakini badilisha jozi kila baada ya muda. Farasi anayepandwa kwa jozi moja siku zote hujenga misuli upande mmoja, na upande wa pili utamkuta mgumu kukata kona.