Nilivyofanya utafiti wa samaki kwa hesabu za Pontryagin wakati mi ni mtu wa uchumi

Wakuu, kuna wadogo zetu kila mara wananiuliza inawezekanaje mtu aliyesoma uchumi tu akafanya mastazi kwa nadharia ya udhibiti, yaani hesabu za kutafuta uamuzi bora wa kila wakati, zile za Hamiltoniani na lambda, basi ngoja nieleze nilivyopita maana hesabu zangu zilikuwa za kawaida sana.

Swali langu lilikuwa hivi, wenye ringineti (boti za nyavu za kuzungushia samaki) wanaouza Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, wavue kiasi gani leo ili na mwakani wapate, na faida ya miaka yote ukiijumlisha iwe kubwa kabisa. Modeli ni ile ya Gordon na Schaefer ya 1954, samaki wanazaana kwa kasi r mpaka bahari ifike ujazo wake K, na wewe unatoa kwa juhudi ya kuvua, E. Hapo kila mtu wa uchumi anaelewa. Kazi inaanza ukiambiwa E nayo ibadilike kadiri mda unavyokwenda, ndo anaingia Lev Pontryagin na wenzake wa Moscow wa miaka ya 1950, waliotoa kanuni ya kutafuta E bora ya kila wakati (jamaa alipofuka akiwa na miaka 14, jiko la mafuta lilimlipukia, mama yake fundi cherehani akawa anamsomea vitabu vya hesabu kwa sauti, sasa mi mwenye macho mawili ningejitetea vipi).

Kilichonisumbua ni lambda. Vitabuni inaitwa bei kivuli, naisoma naelewa nikifunga kitabu imepotea. Mpaka asubuhi moja nipo mnadani Feri namsikia tajiri wa boti anamfokea nahodha wake, "Sasa hivi vidogo mnaniletea vya nini, bei si unaiona?" Nahodha wala hakushtuka, akasema "Tajiri, tungeviacha wangezoa wa boti nyingine." Nikaandika pale pale nyuma ya daftari, maana lambda yote ilikuwa humo. Samaki aliyebaki majini naye ana bei, ni ile hela ambayo angekuzalia baadae, na nahodha analipa mafuta, analipa barafu, ila hiyo ya tatu hailipi mtu.

Data sasa. Madaftari ya mwaloni yameandikwa kwa tarehe za kalenda na nlipoyachora yakaruka ruka bila mpango, mwezi huu juu mwezi ujao chini. Ringineti wanavua kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa haina kazi, samaki hawakusanyiki, boti zinapumzika, kwa iyo mwezi mmoja wa kalenda unaweza ukawa na usiku mwingi wa giza kuliko mwingine. Nikaacha kalenda nikapanga upya kwa mwezi mwandamo, siku 29 au 30, mstari ukatulia wenyewe bila mbinu yoyote ya takwimu. Supavaiza alicheka sana.

Kwenye kompyuta nlitumia Python, na njia ni ya kwenda na kurudi: unakisia E, unatembeza samaki kuanzia leo kwenda mbele, alafu lambda unaitembeza kutoka mwisho kurudi nyuma, unapata E mpya, unarudia mpaka vitulie. Mtu akinambia imegoma namuuliza vitu viwili. Kwanza, kama gharama yako ni ya mstari mnyoofu E itaruka kati ya sifuri na juu kabisa kama swichi, wala haitulii, ongeza gharama ya E mraba na kila raundi chukua wastani wa E ya zamani na mpya. Pili, ukiweka lambda sifuri mwishoni umeiambia modeli kwamba baada ya hapo samaki hawana thamani, itawakomba wote miaka ya mwisho, refusha mda alafu usome katikati tu.

Ila utamu wenyewe ulikuwa kwenye riba, ile inayopunguza thamani ya hela ya baadae ukiilinganisha na ya leo. Tafiti nyingi zinaweka kiwango cha benki na kuendelea, mi nikawauliza wavuvi wanakopa wapi, jibu ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani, riba ambayo huko ni ya mwezi benki ingekuwa ya mwaka. Colin Clark, mwanahesabu wa Kanada, alishaonyesha mwaka 1973 kwamba riba ikizidi kasi ya samaki kuzaana na gharama ya kuvua ikiwa ndogo sana, hata mmiliki mmoja mwenye akili timamu ataona bora awamalize hela azungushie kwingine. Kwa iyo wale wanaosema wavuvi hawana elimu, mi hapo siwaungi mkono, hesabu yao iko sawa kabisa kwa riba wanayolipa.

Siku ya kutetea, profesa mmoja akauliza, haya, Feri nani anaamua E? Nikamjibu hakuna, bahari ya wote kihesabu ni sawa na mtu mwenye riba isiyo na kikomo, ndo maana mwamuzi kwenye modeli yangu ni BMU ya mwaloni, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, na sio boti moja. Akaomba grafu ya samaki wanaobaki majini. Nikamfungulia, mstari wa BMU inayokopa kwa riba ya kausha damu na mstari wa bahari ya wote vimekaribiana mpaka ilibidi niongeze unene wa mmoja ili uonekane, na ule wa riba ya benki uko juu yake mbali. Akaniambia nibadilishe rangi za mistari, tukahamia swali lingine.