Sauti ya pili ya moyo imegawanyika, hatimaye

Imekubali. Natengeneza mchezo wa simu wa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kusikiliza moyo, na sasa mgonjwa wa kwenye skrini akivuta pumzi, sauti ya pili ya moyo, ile ya vali za aota na mapafu zikifunga, inaachana na kuwa mbili, "ta-ra". Akitoa pumzi, zinarudi kuwa moja, "ta". Nimesikiliza mpaka masikio yakaniuma, nikaisogeza stetoskopu kutoka eneo la vali ya aota hadi la vali ya mapafu, nikarudi tena, na kila mara inafanya kama inavyotakiwa. Nina furaha ambayo sijaipata tangu nianze mradi huu.

Mchezo wenyewe uko hivi: kifua kimechorwa, mwanafunzi anakokota stetoskopu kwa kidole, anageuza kichwa chake upande wa kengele (wa sauti nzito) au wa kiwambo (wa sauti nyembamba), kisha anasema amesikia nini na anadhani kuna nini. Mivumo ya sistoli, ile inayosikika moyo ukisukuma damu, ilishakaa sawa zamani. Kilichonikaa kooni ni mgawanyiko huu.

Sikutaka kuuruka. Mgawanyiko unaofuata pumzi ni wa kawaida. Ukibaki vile vile, pumzi iingie au itoke, unaanza kufikiria tundu kati ya atria mbili, vyumba vya juu vya moyo. Ukitokea wakati wa kutoa pumzi badala ya kuvuta, njia ya umeme ya upande wa kushoto huenda imeziba. Mambo matatu tofauti, na kinachoyatenganisha ni uhusiano wa sauti na pumzi tu. Mchezo ukiyumba hapo unamfundisha daktari wa kesho uongo, na mchezo wa namna hiyo ni heri usiwepo.

Sasa tuangalie udogo wa kitu chenyewe. Mtu akivuta pumzi, shinikizo ndani ya kifua linashuka, damu nyingi zaidi inarudi upande wa kulia wa moyo, ventrikali (chumba cha chini) ya kulia inachelewa kumaliza kusukuma, na vali ya mapafu inafunga nyuma ya vali ya aota. Kuchelewa huko ni milisekunde 30 hadi 60 hivi. Pengo likishuka chini ya milisekunde 20 hivi, masikio mengi yanasikia pigo moja.

Mchezo unaokwenda kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde una karibu milisekunde 17 kati ya fremu na fremu. Simu ikipata moto ikashuka hadi fremu 30, ni milisekunde 33. Ukiamuru kwa saa ya mchezo "cheza ya aota, subiri, cheza ya mapafu", pengo ulilotaka liwe 30 litatoka 17 safari hii na 50 safari ijayo. Ukiikwepa fremu unakutana na kizuizi cha pili: sauti nayo huchanganywa kwa mafungu. Bafa, yaani fungu moja, ya sampuli (vipande vidogo kabisa vya sauti) 1,024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23, na mara nyingi sauti mpya inasubiri fungu linalofuata ndipo ianze. Unapata mgonjwa ambaye mgawanyiko wake unakuja na kuondoka ovyo, pumzi ikiwa upande wake na moyo upande wake. Daktari wa moyo anayenisaidia kupima matoleo alisikiliza hilo kidogo tu akaniuliza kama nimemwekea mgonjwa mapigo ya ziada. Iliniuma, kwa kuwa mivumo yote alikuwa ameisifu.

Njia ya kwanza ya kutokea ilikuwa kutengeneza faili kadhaa za sauti ya pili, kila moja na pengo lake, kuanzia sufuri hadi milisekunde 60, halafu mchezo uchague kulingana na pumzi. Muda ukawa sahihi kabisa. Kilichoharibika ni mahali. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, kufunga kwa vali ya aota kunasikika karibu kifua kizima, lakini kufunga kwa vali ya mapafu ni kwa upole, na kwa kawaida kunasikika vizuri tu kwenye nafasi ya pili kati ya mbavu, kushoto. Ukishusha stetoskopu kuelekea kilele cha moyo, ile "ra" inapaswa kufifia peke yake na "ta" ibaki. Faili iliyokwisha kuunganishwa haijui stetoskopu iko wapi. Niliongeza faili za kila eneo, zikazaana, na bado mwanafunzi akisogeza kidole kati ya maeneo mawili alisikia sauti ikiruka badala ya kufifia.

Basi niliachana na habari ya kucheza faili, nikaanza kuiandika sauti mwenyewe, sampuli kwa sampuli. Kabla pigo halijafika, msimbo unapiga hesabu: pumzi iko wapi, stetoskopu iko wapi, ugonjwa ni upi. Unaandika sauti ya aota kwenye bafa, unasonga mbele sampuli 1,323, ambazo ndizo milisekunde 30, unaandika ya mapafu kwa nguvu inayolingana na umbali wa stetoskopu. Hakuna kusubiri, kwa hiyo hakuna cha kuchelewa. Fremu zikishuka, picha inakwamakwama lakini moyo unaendelea kupiga sawasawa. Niliijaribu kwenye simu kuukuu yenye skrini iliyopasuka, picha ikasuasua vibaya, na "ta-ra" ikatoka safi.

Nimefanya haya kwenye Godot, programu ya kutengenezea michezo, kwa kifaa chake cha kuzalisha sauti kiitwacho AudioStreamGenerator, na nasema wazi kwamba kwa kazi ya namna hii naipenda kuliko zote nilizogusa. Ni huria, haina masharti ya malipo ambayo chuo kitalazimika kuyasoma mara mbili, na inafunguka haraka hata kwenye kompyuta dhaifu. Ila usiandike sampuli kwa GDScript, lugha ya msimbo ya Godot yenyewe. Lugha hiyo ni tamu kwa vitufe na alama za mchezaji, lakini kuandika sampuli 44,100 kwa sekunde kunailemea. Kipande hicho nimekihamishia lugha ya C++, yenye kasi zaidi, na tatizo likaisha papo hapo. Anayetengeneza toleo la kivinjari ana njia rahisi zaidi: Web Audio, mfumo wa sauti wa vivinjari, inakuruhusu kupanga sauti kwa wakati kamili kwenye saa yake yenyewe, mbali na saa ya picha. Kwa kurekodi na kukatakata sauti, programu ya Audacity inatosha.

Pamoja na hayo yote, toleo la kwanza lenye mgawanyiko sahihi bado lilisikika kama saa ya ukutani. Kila pigo lilikuwa umbali ule ule na lililotangulia, na moyo wa kijana mwenye afya haupigi hivyo. Akivuta pumzi mapigo yanakaribiana, akitoa yanaachana kidogo. Pumzi tayari ilikuwa inaongoza pengo la vali, kwa hiyo nikaiacha iongoze na kasi ya mapigo pia. Mistari michache tu ya msimbo! Daktari yule yule alisikiliza akanyamaza, kisha akaniandikia: "Huyu sasa ni mtu."

Lililobaki gumu ni spika ya simu, na hapa nimeamua kuwa mkali. Nguvu kubwa ya sauti za moyo iko chini ya Hz 150, na sauti ya tatu, ile hafifu inayoweza kufuata ya pili, iko chini zaidi ya hapo. Spika ndogo ya simu katika masafa hayo ni kama haipo. Ushauri ninaoupata mara kwa mara ni kupandisha sauti juu ili isikike. Nimeujaribu, na sauti ya tatu iliyopandishwa inageuka kuwa mbofyo mkali unaofanana na mbofyo wa vali ya mitrali (ya kati ya atria na ventrikali ya kushoto) inapofunguka, yaani ugonjwa mwingine kabisa. Siwezi kumpa mwanafunzi sauti hiyo. Kuanzia toleo hili, hatua za sauti ya tatu na ya nne (hafifu nyingine, inayotangulia ya kwanza) hazifunguki mpaka spika za masikioni zichomekwe. Najua kuna watakaolalamika. Stetoskopu nayo huvaliwa masikioni.

Spika za masikioni zisizo na waya huchelewesha sauti, lakini kwa mgawanyiko hilo halidhuru kitu. "Ta" na "ra" zote zinachelewa kwa kiasi kile kile, pengo linabaki lilivyo. Madhara yake yanaonekana pale sauti inapotakiwa kwenda sambamba na kitu kingine, na hapo ndipo mpango wangu wote wa toleo hili ulipobadilika.

Nilikuwa nianze kazi ya alama na ngazi za wachezaji. Nimeiweka kando. Wakati napima kasi ya mapigo 120, nilishindwa kutambua mara moja sauti ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili, kwa kuwa kwa kasi hiyo diastoli, muda wa moyo kupumzika na kujaa, inafupika hadi kukaribiana na sistoli. Kitandani kwa mgonjwa jibu linajulikana: weka vidole shingoni, sauti inayokuja pamoja na mdundo wa mshipa ndiyo ya kwanza. Na simu ina mtetemo! Mwanafunzi anaweza kushika simu, dole gumba juu ya shingo iliyochorwa, akahisi mdundo mkononi huku anasikiliza. Usiku ule sikulala mapema.

Mtetemo nao una ukaidi wake. Mota za aina ya zamani, zenye kipande kizito kinachozunguka, zinachukua makumi ya milisekunde kabla hazijashika kasi, na kila simu ina tabia yake. Ukichelewa sana, mdundo unasogelea sauti ya pili, na mwanafunzi anajifunza kinyume. Ninachojaribu sasa ni kuifanya simu ijipime: mwanzoni mwa mchezo inaamriwa itetemeke, kipima mwendo kilichomo ndani yake kinasikiliza kutikisika kunaanza lini, na tofauti hiyo inaingizwa kwenye hesabu ya kila pigo. Simu ikiwa mezani vipimo vinatoka vizuri na vinajirudia. Ikiwa mkononi vinayumba, kwa sababu mkono wenyewe unatingishika, kwa hiyo ninaandika kichujio kitakachotenganisha mtetemo wa mota na wa mkono. Ngazi za wachezaji zitasubiri mpaka hapo.