Nilivyoandika pendekezo la mfanyakazi bora wa dawati la mikopo hadi likapita

Mara ya kwanza nilipoandika pendekezo la mfanyakazi bora wa Mei Mosi nilishauriwa hivi: "Andika tu ni mchapakazi, mwadilifu, ana ushirikiano." Nikaandika. Kamati ikaliweka kando, na ilikuwa na haki, maana maneno hayohayo yalijaa kwenye mapendekezo ya kila idara. Anayetoa ushauri huo hajawahi kukaa dawati la mikopo chuoni miezi ile ya kufungua, foleni imetoka hadi nje na boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, halijaingia.

Kura za siri nazo tulizijaribu. Hushinda anayekaa dirishani kwa sababu ndiye anayeonekana. Anayelinganisha orodha chumba cha nyuma hapati kura, kwani kazi yake ikienda sawa hakuna anayekuja kulalamika. Mimi nilimtaka huyo wa nyuma.

Orodha ya malipo ya Bodi ya Mikopo lazima ilingane na orodha ya waliosajiliwa chuoni. Wengi huzipanga kwa majina, na hapo ndipo wanapopotea: huku kuna majina matatu, kule mawili, huku Mwanaidi, kule Mwanahidi. Dada huyu wa chumba cha nyuma hupanga kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Hata hapo kuna mtego. Aliyerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ana namba mbili, moja ikianza na S, nyingine na P. Chuo kikiwa na hii na Bodi ina ile, kwenye orodha huyo ni watu wawili, na hela haitoki. Alichofanya ni kuongeza safu moja kwenye fomu yake ya usajili na kumuuliza kila mwanafunzi: "Ulirudia mtihani?" Ni swali la sekunde tano. Lisipoulizwa, mtoto wa watu anakula kwa kukopa wiki nzima, pengine zaidi. Jambo hilo liliingia aya ya kwanza ya pendekezo, kabla ya sifa yoyote.

Ushahidi nao unahitaji muda. Nilinunua kaunta buku Oktoba, nikachora safu tano: tarehe ya kufika, tatizo, lilipokwama (chuo, Bodi au benki), aliyelishughulikia, tarehe lilipokwisha. Nikafunga hesabu Machi, kwa sababu majina ya Mei Mosi hupelekwa Aprili. Usihesabu waliohudumiwa! Mwanafunzi akirudi mara nne kwa tatizo lilelile, afisa mzembe anaandikiwa wanne na hodari anaandikiwa mmoja. Hesabu waliorudi. Kwa dada huyu waliorudi walikuwa karibu hakuna, na kamati haikuwa na swali juu yake.

Niliambatanisha barua tatu fupi: ya uhasibu, kuhusu fedha zisizosainiwa kurejeshwa Bodi kwa wakati, ya ofisi ya mitihani, kuhusu matokeo ya wanaoendelea kutumwa mapema, maana yakichelewa na malipo yao yanachelewa, na ya waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi. Barua ya mkuu wa idara peke yake haina uzito, kila mtu anayo.

Kurasa za daftari zina majina ya wanafunzi na shida za nyumbani kwao, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuyapaka majina maka peni nyeusi hakutoshi. Inua karatasi kwenye mwanga, jina linasomeka. Funika kwa kipande cha karatasi ndipo utoe kopi, kisha uambatanishe kopi, si daftari.

Gharama si kubwa. Fremu na uchapaji wa cheti ni elfu thelathini hivi au arobaini, kutegemea unapochapisha. Jina lifuate kitambulisho cha taifa cha NIDA, na mwenyewe alisome kabla halijachapwa. Mshereheshaji mpe sentensi mbili zilizoandikwa, ile ya S na P iwemo, la sivyo atarudia "mchapakazi".

Ofisi zikifunguliwa tu baada ya sherehe, peleka nakala ya cheti masijala iingie kwenye faili lake, igongwe muhuri wa kupokelewa. Akifika wakati wa kupanda daraja, faili ndilo linalofunguliwa, na fremu inabaki ukutani.