Skrini nyeusi imeniteka

Jamani, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri za kompyuta (terminal) imeniteka. Nilikuwa na folda ya harusi ya binamu, picha na video zimechanganyika hovyo. Kwa kipanya ningekesha. Nikaandika mv *.mp4 video/, nikabonyeza Enter, na video zote zikahamia kwenye folda yake hata chai sijaimeza.

Kinachotokea ni hivi: sheli, yaani programu inayopokea amri zako (natumia Bash, aliyoiandika Brian Fox, ikatoka 1989) inasoma ulichoandika, inageuza ile nyota kuwa majina ya faili zote zinazoishia na .mp4, ndipo inaita programu ya mv. Nayo mv haigusi diski yenyewe, inaiomba kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Yaani sheli ni karani wa mapokezi tu, mwenye funguo yuko ndani.

Mnaoanza, jaribuni pwd kujua mko folda gani, ls kuona kilichomo, cd kuhama. Ila rm muiogope! Haipeleki kitu kwenye pipa la taka, ikifuta imefuta.

Na wenye Mac msijitoe, tangu 2019 sheli yake ya kawaida ni Zsh. Fungueni Terminal muone.